Namna ya Kulitumia Neno "Mizani" Mahali Pake

Anayetaka kulitumia vizuri neno mizani na aanze na kifaa chenyewe. Muuza nafaka huweka jiwe la kilo moja kwenye kitanga kimoja, akamimina mchele kwenye kitanga cha pili kidogo kidogo, mpaka vitanga vyote viwili vilingane. Kifaa hicho ndicho mizani, lakini ile hali ya vitanga kulingana ina majina mengine. Kwa hiyo, anayeandika "mizani ya kijinsia" amekusudia uwiano au usawa wa kijinsia, na kosa hili linaniuma kwa sababu linayaweka kando maneno tuliyo nayo tayari. Hesabu nazo zina maneno yake: tunasema urari wa malipo na urari wa biashara, na taarifa inayoonyesha mali, madeni na mtaji wa kampuni huitwa mizania.

Neno hili limetokana na Kiarabu, mīzān, lenye mzizi w-z-n wa maana ya kupima uzito, na mzizi huohuo ndio uliotupatia uzani. Kwa kuwa mi- ya mwanzo si kiambishi cha wingi, hakuna "mzani" mmoja. Neno limo katika ngeli ya I-ZI, nasi husema mizani imeharibika, mizani zimekaguliwa. Vilevile -ni ya mwisho si ile ya mahali iliyomo katika "mezani", hivyo gunia huwekwa kwenye mizani. Madereva wa malori wamelipanua zaidi, kwani kwao mizani ni kituo kizima cha kupimia magari barabarani, kama kile cha Mariakani nchini Kenya.

Matumizi yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni ya ushairi, ambamo mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi. Shairi lililozoeleka huwa na mizani 16 katika kila mshororo, yaani 8 katika kila kipande, au nusu ya mshororo, ilhali mshororo wa utenzi kwa kawaida huwa na 8. Ili kuhesabu, tamka polepole na usiiamini idadi ya herufi. Chukua mshororo huu niliouunda kwa ajili ya zoezi:

Mizani ikichezewa, haki haipatikani.

Kipande cha kwanza ni mi-za-ni-i-ki-che-ze-wa, na cha pili ni ha-ki-ha-i-pa-ti-ka-ni. Vyote vina 8. Angalia kwamba i mbili zinazokutana katika "mizani ikichezewa" huhesabiwa kila moja peke yake. Wanafunzi wengi hukwama kwenye m na n: "mtu" na "nchi" zina mizani mbili kila moja, kwa kuwa konsonanti ya mwanzo hutamkwa kama silabi kamili, lakini "mwa" ya "mwalimu" ni moja tu, na "ndizi" ina mbili, si tatu. Ukibaki na shaka, piga kofi moja kwa kila silabi unapoutamka mshororo, kisha uhesabu makofi.