Tramu namba 28 ya Lisbon: anzieni Prazeres

Kama wewe na marafiki mna siku mbili tatu tu Lisbon, msipange foleni ya tramu namba 28 pale Martim Moniz. Mchana foleni ile inaweza kuwala saa nzima, na mkipanda mtasimama mmebanana. Nendeni mwisho wa pili, kituo cha Prazeres kando ya makaburi, kabla ya saa tatu asubuhi. Hapo mnapata viti vya dirishani, na tramu ikipenya vichochoro vya Alfama, mtaa wa kale, kuta ziko karibu kiasi cha kuziona nyufa za vigae. Msitoe mikono nje! Mikoba ikae kifuani, maana wezi wa mifukoni wanaipenda sana tramu hiyo.

Viatu viwe vya soli ya mpira. Mawe meupe ya njia za miguu yamelainishwa na nyayo za watu, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Mwenzetu mmoja alishuka mlima na viatu vya ngozi, akaishia na goti lililovimba.

Mtaa wa Belém msiende Jumatatu, monasteri yake ya Jerónimos hufungwa. Kwa mtu wa pwani yetu, kulitazama kaburi lililomo humo la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, ni jambo zito. Tulisimama pale kimya.

Halafu mgahawani: mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa kabla hamjaagiza si bure. Hamvitaki? Mwambieni mhudumu aviondoe kabla hamjavigusa.