Kusawazisha kabureta mbili za MGB ya 1965

Gari lenyewe ni MGB ya wazi, gari dogo la michezo la Kiingereza, limetoka kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya. Mwenyewe hakuishia hapo, kaliongezea nguvu kwa vifaa vya enzi zile zile: kabureta (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) mbili za SU HS6, kubwa kuliko HS4 za kiwandani, na silinda hedi iliyopanuliwa njia zake za hewa. Barabarani linavuta. Likisimama kwenye taa linatetemeka na kunuka petroli.

Angalizo kabla hujashika spana: MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani na waya wa chanya kwenye bodi. Ukifunga betri kwa mazoea, redio na chochote cha elektroniki kitaungua.

Hatua ya 1: valvu. Najua mkono unawasha kugusa kabureta. Subiri. Injini ikiwa baridi, nafasi kati ya kila valvu na roka inayoisukuma iwe inchi 0.015. Valvu ziko 8, na namba mbili za kupimia lazima zijumlishe 9: ukitaka kupima ya 1, zungusha injini mpaka ya 8 izame kabisa, ukitaka ya 3, tazama ya 6.

Hatua ya 2: moto wa plagi. Nafasi ya platini (swichi ya kuwashia cheche) inchi 0.015, ya plagi 0.025, kisha timingi, yaani wakati cheche inaporuka. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikizungusha nati za kabureta, kumbe platini ilikuwa imechimbika.

Hatua ya 3: pistoni za kabureta. Toa filta za hewa, inua kila pistoni kwa kidole, iachie. Ishuke yenyewe na kugonga "tak". Ikisita, fungua usafishe kwa petroli na kitambaa. Msasa usiusogeze hapo. Jaza oili ya SAE 20 juu ya kabureta mpaka ipite mdomo wa mrija wa pistoni kwa milimita 13 hivi. Ikikosekana, gari linajikwaa ukikanyaga mafuta ghafla.

Hatua ya 4: hewa. Legeza klampu za fito inayounganisha kabureta mbili, uwashe injini. Chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Utasikia mvumo. Rekebisha skrubu za sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) mpaka mvumo wa huku na wa kule ulingane.

Hatua ya 5: mchanganyiko. Chini ya kila kabureta kuna nati yenye pande 6. Ipandishe mpaka jeti (tundu la petroli) iwe sawa na sakafu ya kabureta, kisha ishushe mizunguko 2, yaani pande 12. Huo ndio mwanzo. Sasa inua pistoni kama milimita 1 kwa kipini cha pembeni, usikilize. Injini ikipandisha na kubaki juu, petroli ni nyingi: pandisha nati upande mmoja. Ikitaka kuzima, petroli ni chache: shusha. Ikipandisha kidogo sana halafu ikatulia, umefika.

Gari hili lilisetiwa Dar, usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nati ile ile huku inamwaga petroli kupita kiasi. Nilipandisha pande 3 kila kabureta. Likiendelea kutoa moshi mweusi ukiwa mwendoni tu, nati haitakusaidia. Badili sindano inayoingia kwenye jeti, weka iliyo nene zaidi.

Hatua ya 6: mchanganyiko ukibadilika, sailensa nayo inabadilika, kwa hiyo rudia hatua ya 4, kaza klampu, hakikisha kabureta zote zinafunguka kwa pamoja. Panda nalo mlima, zima injini ikiwa bado inavuta, toa plagi. Ya 1 na ya 2 zilitoka kahawia safi. Ya 3 na ya 4 zilikuwa na masizi, na hizo hulishwa na kabureta ya nyuma. Nati yake nikaipandisha upande mmoja.