Somo: Jinsi ya kusoma ngazi ya cheti kabla ya kukilinganisha na kingine

Wakuu, namba ya ngazi peke yake haitoshi. Vijana wengi wananyimwa nafasi walizostahili kwa sababu msomaji wa barua ya maombi aliangalia namba tu.

Hatua ya 1: Jua cheti ni cha mfumo upi. Hapa Tanzania, mafunzo ya ufundi stadi, kama yale ya VETA (mamlaka ya ufundi stadi), hutoa NVA (tuzo za taifa za ufundi stadi), ngazi ya 1 hadi ya 3. Vyuo vya kati hufuata NTA (tuzo za taifa za elimu ya ufundi): ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada (diploma yenyewe), ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada, kisha uzamili na uzamivu.

Hatua ya 2: Angalia cheti kinakuruhusu kusoma nini baadaye. Kwangu hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote. Aliyemaliza kidato cha sita akafaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4 anaweza kuomba shahada. Mwenye diploma ya NTA 6 na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaweza pia, mradi kidato cha nne alifaulu masomo manne. Hapo ni kiwango cha chini tu. Kozi kama udaktari zinadai zaidi. Basi usimdharau aliyepitia chuo cha kati.

Hatua ya 3: Ukivuka mpaka, linganisha aina ya tuzo, achana na namba. Kenya diploma ni ngazi ya 6 na shahada ni ya 7. Uingereza, ngazi ya 6 ni shahada kamili, na uzamivu ni ya 8! Kwa hiyo kwenye wasifu wako andika "Stashahada ya Uhandisi Umeme, NTA 6, Tanzania", usiishie kwenye "ngazi ya 6".

Hatua ya 4: Cheti cha nje kithibitishwe. Shahada peleka TCU (tume ya vyuo vikuu), diploma NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), sekondari NECTA (baraza la mitihani).

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina NVA 3 ya umeme, ila kidato cha nne nina D mbili tu. Diploma naipata?
Jibu: Kozi kadhaa za ufundi hupokea NVA 3 pamoja na cheti cha kidato cha nne. Sifa hutofautiana, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huu, kozi kwa kozi. Tarajia kuanzia NTA 4.

Swali: Baba ana majaribio ya ufundi daraja la I. Mwajiri anasema ni ya chini kuliko NVA 2. Kweli?
Jibu: Hapana, ndugu. Majaribio ya ufundi (trade test za zamani) yalihesabiwa kinyume cha NVA: daraja la III ndilo la chini, la I ndilo la juu. Mzee asikubali kushushwa.

Swali: GPA yangu ya diploma ni 2.8. Ndiyo basi tena?
Jibu: Bado, dada. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi inayopokea diploma kuanzia GPA ya 2.0, ukiifaulu kwa 3.0 unaomba shahada.