Jinsi ya Kupima Hatari ya Maporomoko ya Theluji Kabla ya Kuvuka Mteremko

Maporomoko yanayoua wasafiri wengi wa milimani ni yale ya bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikamana, lililokalia tabaka dhaifu, ambalo hukatika ghafla na kuteleza lote kwa pamoja. Kelele za mtu hazilikati, ingawa wengi huamini kuwa hulikata. Katika ajali nyingi hukatwa na uzito wa msafiri mwenyewe au wa mwenzake.

Kabla ya kuondoka, soma taarifa ya hatari ya eneo unalokwenda. Ulaya na Amerika Kaskazini hutumia ngazi 5, na ngazi ya 3 ndiyo inayohadaa, kwa sababu watu huiona kuwa ya wastani ilhali tayari msafiri mmoja anaweza kusababisha maporomoko. Usiishie kwenye namba: angalia ni pande zipi za mlima na mwinuko gani unaotajwa.

Kisha pima mwinamo, kwenye ramani kwanza na baadaye kwa kipimio. Mabamba mengi hukatika kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Theluji huficha mambo yake, lakini mwinamo hupimika. Ndiyo maana, siku ya mashaka, mimi huamua kwa mwinamo. Hata hivyo, mahali tambarare palipo chini ya mteremko mkali si salama, kwani bamba la juu linaweza kuvunjwa na mtu aliye chini.

Upepo huhamisha theluji na kuilundika upande uliokingwa, hata kama anga ni jeupe na hakuna kinachodondoka. Saa 24 hadi 48 baada ya theluji nyingi au upepo mkali zinahitaji tahadhari ya pekee, vivyo hivyo joto la ghafla na mvua. Tabaka dhaifu lenye chembe zisizoshikana, mfano wa sukari, linaweza kudumu kwa wiki nyingi chini ya theluji inayoonekana imara.

Ukiona maporomoko mapya jirani, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni pako, au ukisikia mvumo mzito wa theluji inayobonyea, ondoka kwenye miteremko mikali. Kuchimba shimo na kujaribu matabaka husaidia, ila jibu linahusu mahali hapo tu: likiwa baya, rudi; likiwa zuri, usilichukue kuwa ruhusa.

Kila mmoja abebe koleo la kuchimbia, ufito wa kutafutia na kifaa cha redio cha kilohezi 457, kinachotoa mawimbi ya kumtafutia aliyefukiwa, kikiwa kimewashwa tangu mwanzo. Vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Aliyefukiwa hupoteza nafasi ya kupona haraka sana baada ya dakika 10 za kwanza, kwa hiyo wanaoweza kumwokoa ni wenzake waliopo, si kikosi kitakachoitwa. Ufito ukimgusa, uacheni ulipo, chimbeni kutoka upande wa chini wa mteremko kumwelekea, kisha fukueni kichwa na kifua na kusafisha mdomo na pua kabla ya jambo lingine lolote.