Somo: Kuhesabu viini vidogo kwenye seli za CHO (seli za hamsta zinazooteshwa maabara) kabla ya kufikiria kupima dawa kwa panya

Viini vidogo ni vipande vya kromosomu, au kromosomu nzima, vilivyoachwa nje ya kiini seli ilipogawanyika; vikiongezeka, dawa imedhuru kromosomu. Utaratibu ni wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya vipimo), namba 487.

1. Otesha seli 100,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 6, midia mililita 2, nyuzi 37, usiku kucha. Hapa Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo CO2 asilimia 5 ni pungufu. Midia ikielekea zambarau, pandisha CO2 hadi karibu 6 kisha upime pH. Wengi hulaumu seramu bure.

2. Weka dawa unayoipima kwa saa 3 hadi 6, kundi moja likiwa na S9 (dondoo la maini lenye vimeng'enya vya kubadilisha dawa), jingine bila. DMSO, kiyeyusho cha dawa, isizidi asilimia 1. Usisahau vilinganishi, yaani dawa zinazojulikana kudhuru kromosomu: mitomaisini C bila S9, siklofosfamidi pamoja na S9.

3. Osha, weka midia mpya yenye sitokalasini B mikrogramu 3 kwa mililita, yaani mikrolita 6 za akiba ya mg 1/ml kwa kila kishimo. Inazuia seli kukatika baada ya kiini kugawanyika, hivyo yenye viini viwili imegawanyika mara moja tu. Vuna saa 20 hadi 24 tangu dawa iingie.

4. Vimbisha seli kwa KCl (chumvi ya potasiamu) ya 0.075 M, dakika chache tu; ukichelewa seli hupasuka. Zikaushe kwa methanoli na asidi ya asetiki 3 kwa 1 ili zibaki na umbo, ziweke kwenye slaidi, kisha rangi ya Giemsa.

5. Angalia seli 2,000 zenye viini viwili kwa kila kiwango cha dawa, uhesabu ngapi zina viini vidogo.

MASWALI

– CBPI yangu (kipimo cha kugawanyika; 1 ni hakuna seli iliyogawanyika) ni 1.8 bila dawa na 1.4 ikiwa na dawa. Niongeze dawa?
Hapana, ndugu. Toa 1 kwa kila moja: 0.4 gawanya kwa 0.8 ni nusu, sumu imefika asilimia 50. Kikomo ni 55, jumlisha au toa 5. Ukipita hapo unahesabu seli zinazokufa.

– Hata bila dawa, zenye viini viwili ni chache mno.
Ama ulizijaza zikaacha kugawanyika, ama sitokalasini imegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. Igawe kwenye vichupa vidogo. Pima pia maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli.

– CHO si za ovari? Basi zinatosha kuonyesha madhara kwa uzazi?
Zilitoka kwenye ovari ya hamsta, lakini hazifanyi meyosisi, mgawanyiko unaotengeneza mayai na mbegu. Matokeo chanya ni onyo tu. Hayathibitishi kwamba yai au mbegu zimedhurika.

– Na S9, si ni maini ya panya? Basi bado tunatumia wanyama?
Ndiyo, dada, na seramu ni ya ndama aliye tumboni. Seli za HepaRG, za ini la binadamu, zina vimeng'enya vyake, hivyo hazihitaji S9, ila zikishakomaa hazigawanyiki bila kuchochewa, kwa hiyo hatua ya 3 uipange upya.