Chaza wakifunuka, usiwaepue bado
Mnaopenda chaza, msiwaepue mara tu magamba yanapofunuka. Chaza huchuja maji mengi kila siku, na maji yakiingia kinyesi, virusi vya homa ya ini aina ya A hujikusanya tumboni mwake. Virusi hivyo hudumu majini kwa wiki, hata miezi, hasa kwenye baridi. Chumvi ya bahari haivimalizi, na chaza mwenyewe hanuki wala habadiliki rangi. Shanghai, mwaka 1988, watu wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa kula kombe waliochovywa tu kwenye maji moto. Mimi wakishafunuka nawaacha watokote dakika tano zaidi, mpaka nyama ijikunje kingoni. Ndimu ni ya ladha, msiitegemee kuua virusi.