Gashuku ya Okinawa: kupanga siku za ziada na fedha zake

Somo hili ni la wale wanaojiandaa kwenda gashuku, yaani kambi ya mazoezi ya karate, Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, na roho zinawasuta kuvuka nusu ya dunia, kutoa jasho siku tano, kisha kurudi bila kuiona Kyoto wala Tokyo. Nimekwenda mara mbili. Safari ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, na mpangilio huu umetokana na makosa hayo.

Hatua ya 1: Matembezi yaje baada ya gashuku

Wengi hutembea kwanza, wakidhani baadaye watakuwa wamechoka. Mimi pia nilianza na Kyoto, siku nne, viatu vipya. Nikaingia dojo (ukumbi wa mazoezi) na malengelenge chini ya dole gumba. Sasa jaribu sanchin, kata ya hatua za polepole, ule mguu unavyoburuzwa kwa nusu duara kwenye mbao, peku. Kila hatua nilikuwa nauma meno kwa maumivu.

Ila sababu kubwa ni vimbunga. Msimu wake Okinawa ni Mei hadi Oktoba, na Agosti na Septemba ndiyo miezi mibaya zaidi. Kikipiga, safari za ndege za Naha, mji mkuu wa Okinawa, zinafutwa, na hakuna treni ya kukutoa kisiwani. Nilikuwa nimekata tiketi mbili mbalimbali: Naha hadi Tokyo kwa shirika moja, kurudi nyumbani kwa shirika jingine, katikati saa sita tu. Ya kwanza ikafutwa. Ya pili ikaondoka bila mimi, na fedha sikurudishiwa, kwa kuwa kwa hesabu yao mimi ndiye niliyechelewa.

Tangu hapo siku za matembezi naziweka kati ya Naha na ndege ya kurudi, zisipungue tatu. Kimbunga kikija, kinakula matembezi. Tiketi kubwa inabaki salama. Kabla ya gashuku weka siku mbili tu, za kuzoesha usingizi.

Hatua ya 2: Bahasha mbili na akiba

Bahasha ya kwanza ni ya gashuku: ada, malazi ya Naha, chakula, tiketi kuu, bima. Ya pili ni ya matembezi. Ya pili isikope kwa ya kwanza hata yen moja. Pembeni weka akiba ya kulipia usiku mbili za hoteli na nauli moja ya ndege ya ndani. Bahasha ya pili ikipwaya, punguza mji mmoja. Akiba usiiguse.

Hatua ya 3: Ingilia mlango mmoja, tokea mwingine

Omba tiketi inayokufikisha Naha na kukuondoa Tokyo au Osaka. Mara nyingi bei haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mji uleule, nawe hulipi nauli ya kurudi nyuma. Njia ninayoipenda: Naha hadi Osaka kwa ndege, treni hadi Kyoto, Shinkansen (treni ya mwendo kasi) hadi Tokyo, nyumbani.

Hapo utaambiwa ununue pasi ya treni za JR, mashirika makuu ya reli ya Japani. Piga hesabu kwanza. Pasi ya siku 7 ilikuwa yen 29,650; Oktoba 2023 ikapanda hadi 50,000. Kyoto hadi Tokyo kwa Shinkansen ni takriban yen 14,000. Kwa safari hiyo moja, pasi ni kutupa fedha. Na Okinawa hakuna treni ya JR hata moja. Kuna Yui Rail, ya reli moja ya juu, inayoanzia uwanja wa ndege na kupita Shuri, mtaa wa kale wa Naha.

Hatua ya 4: Tarehe

Epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, na katikati ya Agosti. Wajapani wenyewe wako likizo na vyumba vinapanda bei. Tarehe 25 Oktoba ni Siku ya Karate huko Okinawa, kwa hiyo ukienda wakati huo wahi malazi.

Kuhusu pa kwenda, kila mtu na macho yake. Mimi huanza na Karate Kaikan, kituo cha karate kilichofunguliwa 2017 Tomigusuku, jirani na Naha. Kyoto kuna Butokuden, ukumbi wa sanaa za mapigano, jengo la mbao la 1899. Tokyo usikose Kodokan, makao makuu ya wacheza judo: unakaa juu kwenye viti vya watazamaji, unaangalia mazoezi, hulipi kitu.

Maswali ya wanachama

*Sempai, naweza kuchomeka Korea Kusini siku tatu katikati?*

Tazama viza yako kwanza. Kama ni ya kuingia mara moja, ukitoka Japani imekwisha, hata kama siku zimebaki. Korea iwe mwishoni. Na kwenye maombi ya viza utajaza ratiba ya siku kwa siku, basi ipange kabla ya kuomba.

*Bima ya kawaida ya safari inatosha?*

Soma ukurasa wa yasiyolipwa. Bima nyingi hazilipii michezo ya mapigano. Ukivunjika kidole kwenye kumite (pambano la mazoezi) utajilipia mwenyewe. Uliza kwa maandishi, na jibu ulitunze.

*Bo yangu niibebe?*

Bo, ile fimbo ndefu ya mazoezi, ina karibu sentimita 180, mashirika mengine huitoza kama mzigo mkubwa. Mimi huazima hukohuko. Sai, zile silaha za chuma zenye ncha tatu, ziende kwenye mzigo wa chini, kamwe zisiwe mkononi.

*Mume wangu hafanyi karate ila anataka kuja. Bajeti yake naiweka wapi?*

Bahasha ya pili, yote, hata zile siku za Naha. Na mwambie mapema kwamba ikifika saa mbili usiku utakuwa umeshalala.

*Fedha taslimu kiasi gani?*

Za kutosha siku mbili. Mashine za 7-Eleven zinapokea kadi za nje. Ukialikwa dojo ndogo, ada ipeleke taslimu, noti safi, ndani ya bahasha, utoe kwa mikono miwili. Usihesabu mbele ya sensei, yaani mwalimu.